Kazi Uipendayo na Ujira Ulio Bora

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini wa hekalu na majirani, Bukoba

Majirani zetu, mmetoka Kashai, Hamugembe, Kemondo, Kamachumu na Muleba kuja kufurahi pamoja nasi siku hii ya kumbukumbu. Miaka yote mmekuja katika arusi zetu na misiba yetu, nasi tumekuja katika yenu. Leo tena hamkutuacha peke yetu.

Kwanza tunaomba radhi kwa jambo moja. Katika hotuba hii tutasema “sisi” hata pale ambapo mtendaji alikuwa mmoja. Wazee waliotulea walitukataza kusema “mimi, mimi” mbele ya watu. Na pia ni kweli kwamba katika nyumba zetu hakuna aliyewahi kuamua neno la kazi peke yake. Tukisimulia mafanikio, mjue yalikuwa ya wengi. Tukikiri kosa, hilo tutalibeba wenyewe bila kumgawia mtu.

Kamati ilitutaka tuzungumze na vijana juu ya kazi. Tulikusudia kusimulia jinsi babu zetu walivyovuka bahari kwa majahazi kutoka Gujarat, habari ambayo mmekwisha kuisikia mara nyingi na ambayo watoto huisinzilia. Lakini wiki chache kabla ya sherehe hii, binti mmoja jirani yetu, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja ya Wilaya ya Muleba, alifika dukani kununua rangi. Alipokwisha kulipa hakuondoka. Akasema, “Samahani, Mzee, nina neno.”

Tukamjibu, “Sema, binti yangu.”

Akasema, “Nimeitwa kazini Dar es Salaam, katika hospitali ya watu binafsi. Mshahara ni karibu mara mbili ya huu wa sasa. Lakini kazi yangu ya hapa ninaipenda. Wodi ya wazazi ninaijua, na akina mama wananiita kwa jina langu. Nikienda, watasema nimefuata fedha. Nikibaki, mama yangu ataendelea kulala chini ya bati linalovuja. Ningekuwa mwanao, Mzee, ungeniambia nini?”

Tulimwomba atupe siku chache. Ndugu zetu, hotuba hii ndiyo jibu letu kwake; na kwa kuwa tunajua wako wengi humu wenye swali hilohilo moyoni, tumeona tulitoe hadharani.

Watu wengi hukata shauri la namna hii kwa methali. Mmoja husema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mwingine hujibu: mkono mtupu haulambwi. Methali zote mbili zina ukweli, na ndiyo maana hakuna iwezayo kumaliza shauri. Basi, badala ya methali, tutawasimulia mambo mawili yaliyotupata. La kwanza tulikuwa mfanyakazi. La pili tulikuwa tajiri, yaani mwenye duka, na ndilo gumu kulisema.

Tulimaliza kidato cha nne mwaka 1979, mwaka ambao vita vya Kagera vilikuwa vikiisha. Baba yetu alikuwa na duka dogo la vitambaa na mafuta ya taa hapa mjini. Rafu zilikuwa tupu kwa sababu bidhaa zilikuwa adimu nchini kote, na wadeni wake wengi walikuwa wametawanyika tangu majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa mwaka 1978. Daftari la madeni lilikuwepo. Watu walioandikwa ndani yake hawakuwepo. Hivyo hapakuwa na kazi dukani, tukatafuta kwingine.

Tukapokewa na mzee mmoja wa Kamachumu aliyekuwa fundi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kabla ya msimu wa kahawa kufunguliwa, akirekebisha mizani za maghala: zile za kuning'iniza na zile kubwa za chini za kuwekea magunia. Tulibeba sanduku la vyombo vyake na yale mawe ya kupimia, tukipanda malori, na pengine tukitembea kwa miguu kutoka Muhutwe kupandisha Kamachumu, hata Rubya na mbele yake. Usiku tulilala kwa wenyeji. Walitupikia ndizi kwa maharage, na msimu wa senene walitucheka sana, kwa maana dini yetu ilitukataza kuwala, lakini pua zetu hazikukatazwa kunusa.

Tuliipenda kazi ile kuliko kazi yoyote tuliyopata kuifanya maishani. Mzee alitufundisha kwamba mizani ikipunja nusu kilo tu kwa kila debe, mkulima mwenye madebe 20 amepoteza kilo 10 za jasho lake, wala hatajua zilikokwenda. Alitufundisha kusikiliza chuma kwa ncha za vidole, kujua ni wapi kimelika. Kijiji kizima kilisimama kututazama tunapopachika jiwe la mwisho na mkono wa mizani ukatulia katikati. Siku hizo hatukujiona maskini, ingawa ujira wetu ulitosha sabuni na nauli, basi.

Misimu miwili ikapita. Ndipo ikaja barua kutoka Mwanza, kwa kaka. Majirani zetu Waswahili watuwie radhi: kwa Kigujarati “kaka” ni ndugu yake baba, kama vile “dada” kwetu ni babu mzaa baba. Tulipokuwa shule ya msingi tuliwahi kumwambia mwalimu kwamba dada yetu ana ndevu nyeupe, na darasa zima likaanguka kicheko. Kaka huyo alikuwa na duka la vipuri vya magari. Alitutaka tukasimame kauntani, kwa ujira mara tatu ya ule tuliopata kwa fundi, na chumba cha kulala juu yake.

Hatukutaka kwenda. Lakini nyumbani palikuwa na deni la baba na karo ya dada zetu wawili (hapa tunasema Kiswahili). Mama hakutusihi. Alileta tu lile daftari la madeni, akaliweka mezani karibu na sahani yetu ya chakula, akarudi jikoni.

Tulikwenda Kamachumu kumwaga mzee. Tulitazamia ama atatulaumu ama atatubariki. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliuliza, “Unaondoka lini?” Tukamjibu Jumamosi. Akasema, “Zimebaki mizani tatu kabla ya msimu. Tumalize hizo.” Tukazimaliza. Siku ya mwisho alitulipa sawasawa, senti kwa senti, akatupa mkono. Tukapanda meli ya MV Victoria jioni, na asubuhi tukaiona Mwanza.

Je, tulifanya vyema? Tumelifikiri swali hili kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka wa kwanza tuliichukia kaunta ile, tukahesabu siku kama mfungwa. Hata hivyo deni la baba lililipwa. Dada zetu walisoma. Mmoja alikuwa mwalimu, naye amewafundisha baadhi yenu mlioketi hapa. Na biashara tunayoiendesha leo tulijifunza pale, siku kwa siku, kwa kusimama. Tuliporudi Bukoba mwaka 1988 kufungua duka la vifaa vya ujenzi, hatukuwa tena yule kijana wa kubeba mawe.

Lakini pia tulipoteza kitu ambacho hakikurudi. Mzee alifariki wakati tukiwa Mwanza. Hakuwa amepata mwanafunzi mwingine. Ule ujuzi wa vidole, ambao sisi tulikuwa tumeupata nusu tu, alizikwa nao. Kila tunapopita Kamachumu tunalikumbuka jambo hilo. Hivyo jawabu letu la kweli ni kwamba hatukukosea kuondoka, na wala hatukuondoka bure. Mtu akiwaambia kwamba alichagua vizuri na hakupoteza kitu, muulizeni tena.

Sasa tuje kwenye jambo la pili.

Miaka mingi baadaye tulifungua tawi dogo la duka letu katika mji wa Muleba. Tukamweka kijana mmoja wa palepale awe mtunza ghala. Alikuwa hodari kupita kiasi. Alijua kwa kuona tu kama mteja anajenga nyumba ya vyumba viwili au vitatu, na hakumuuzia mtu bati moja zaidi ya alilohitaji. Wateja walimwulizia yeye kabla ya kuuliza bei. Siku moja akatujia, kama huyu binti yetu muuguzi alivyotujia, akasema ameitwa Geita kwa mkandarasi, ujira mara mbili. Akaomba ushauri wetu kama baba.

Tukamshauri. Ee ndugu zetu, tulimshauri kwa ufasaha mkubwa! Tulimsimulia habari za fundi wa mizani, jinsi tulivyoiacha kazi tuliyoipenda na jinsi tunavyoikumbuka. Tukamwambia kwamba fedha hupita na heshima hubaki. Tukamfikishia hata mafundisho ya Bhagavad Gita tuliyofundishwa tangu utoto katika hekalu hili: kwamba mtu atimize wajibu wake pasipo moyo wake kufungwa na matunda ya kazi. Yeye ni Mkristo, lakini alisikiliza kwa adabu. Akabaki. Nasi tulilala usingizi mwema, tukiamini tumemwongoza kijana.

Ikapita miaka sita. Mwezi mmoja wa Desemba akaja kukopa fedha. Binti yake alikuwa amefaulu kwenda sekondari ya bweni, na yeye hakuwa na fedha za godoro, sare na sanduku. Aliomba akiwa ameinamisha uso, mtu ambaye kwa mkono wake yalikuwa yamepita mamilioni ya fedha zetu bila kupungua hata shilingi mia.

Ili tujue akatwe kiasi gani kwa mwezi, tukafungua daftari la mishahara. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Tunaongeza kwamba hata haki hupotea hivyohivyo. Tuliona kwamba katika miaka ile sita dereva wetu alikuwa ameongezwa mara tatu, kwa sababu mara tatu alitishia kuondoka. Mtunza ghala alikuwa ameongezwa mara moja, kidogo. Hakutishia, nasi hatukumfikiria. Kwa lugha ya kwetu ya dukani, uaminifu wake tulikuwa tumeugeuza kuwa punguzo la bei.

Tena tukaukumbuka ule ushauri. Yale mafundisho ya kutokushikamana na matunda ni makubwa, na sisi si wa kuyapunguza. Lakini tazameni ni nani aliyeyasema na ni nani aliyeambiwa. Tulimwambia asiyajali matunda mtu ambaye matunda ya kazi yake tulikuwa tukiyala sisi.

Majirani zetu pengine hamjui kwamba katika siku za Diwali wafanyabiashara wa kwetu huleta vitabu vipya vya hesabu mbele ya Mungu viombewe. Ibada hiyo huitwa Chopda Pujan. Katika ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili, Shubh na Labh. La kwanza ni heri, la pili ni faida. Tangu ujana tuliyaandika kwa mkono mzuri, tukifungua mwaka wa biashara. Mwaka ule ndipo tulipotambua kwamba kwa miaka sita tulikuwa tumeandika yote mawili na kufuata moja.

Tulimpa fedha za binti yake, wala hatukuziita mkopo. Tukampandishia ujira ukalingana na ule ambao Geita walikuwa wamemwahidi. Hatukupata ujasiri wa kumwambia sababu mpaka mwaka uliofuata, tulipomwambia alicheka kidogo, akasema, “Mzee, nilijua.” Akafanya kazi kwetu miaka miwili mingine, kisha akaaga kwa heshima akafungua duka lake. Leo anauza mabati na saruji upande wa pili wa barabara, na zipo siku bei yake ni nzuri kuliko yetu. Wateja wetu wengine wamekwenda kwake. Hatuna la kulalamika. Tulikuwa tumemfundisha kazi vizuri.

Kwa sababu hiyo, tangu siku ile, mtu akituuliza kama aache kazi aipendayo, kwanza tunajiuliza wenyewe: sisi tutafaidika nini akibaki? Nanyi vijana, mkiomba ushauri, mwulizeni mshauri wenu swali hilo kimoyomoyo. Tajiri wako, mzazi wako, hata rafiki yako mtakayeachana, kila mmoja anayo mizani yake, na huenda ina jiwe lililofichwa chini ya sahani.

Ndugu zetu, nchi hii imepata mfano mkubwa wa mtu aliyeacha kazi aliyoipenda. Mwaka 1955 Julius Nyerere alikuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, na wakati huohuo akiongoza TANU, iliyoundwa Julai 1954. Akatakiwa achague kati ya kufundisha na siasa. Mwezi Machi akajiuzulu, akarudi kwao Butiama bila mshahara. Hakufuata ujira ulio bora, aliufuata wajibu. Lakini mapenzi yake kwa kazi ya kwanza hayakufa, na hadi leo tunamwita Mwalimu. Tena, Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, huku wakilalamikia mishahara mikubwa ya viongozi, yeye alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hilo linatuhusu sisi matajiri zaidi kuliko wafanyakazi. Anayewataka wengine wavumilie kidogo, aanze kwake.

Na kwa upande wa pili uko mfano wa Mohandas Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, Gujarat. Mwaka 1893 alikwenda Afrika Kusini kama mwanasheria kijana ambaye kazi haikumnyookea kwao. Alikwenda kwa sababu ya kawaida kabisa: mkataba wa mwaka mmoja, ujira wa pauni 105 na nauli. Akakaa kiasi cha miaka 21, na kazi aliyoikuta huko haikuandikwa katika mkataba. Basi tusimdharau mtu kwa kufuata ujira. Babu zetu wenyewe walivuka bahari kwa sababu hiyohiyo, na laiti wasingevuka, hekalu hili lisingekuwepo.

Sasa tumpe binti yetu kitu cha kushika mkononi. Tunampa maswali manne.

Swali la kwanza: unachokipenda ni kipi hasa? Yako mapenzi ya kazi yenyewe, na yako mapenzi ya mahali. Muuguzi anayependa kupokea watoto wanaozaliwa atawapokea Muleba na atawapokea Dar es Salaam. Mapenzi hayo husafiri pamoja naye. Lakini kuitwa kwa jina na akina mama wa kijijini hakusafiri. Sisi tulipokwenda Mwanza, kazi ya mizani haikuwepo huko. Tuliacha vyote viwili. Yeye huenda anaacha kimoja tu. Na yuko mtu ambaye akijichunguza ataona kwamba anachokipenda si kazi wala mahali, bali ni kule kuzoea. Huyo na aende.

Swali la pili: huo mshahara ni kiasi gani ukishafika mfukoni? Tuseme, kwa mfano tu, mtu analipwa shilingi 600,000 hapa, na anaahidiwa 1,000,000 Dar es Salaam. Nyongeza ni 400,000. Hapa analala nyumbani kwao na anakula ndizi, maharage na parachichi za kibanja. Kule atalipa chumba, tuseme 180,000, na wenye nyumba wengi hutaka miezi sita mbele. Nauli 70,000. Chakula kile ambacho kibanja kilimpa bure, 120,000. Jumla 370,000. Zimebaki 30,000, na bado hatujakata kodi wala mchango wa NSSF, wala hatujamleta nyumbani kwa msiba mmoja. Lakini tusipunje upande wa pili. Ahadi ikiwa ni 2,000,000, hesabu inageuka kabisa, na bati la mama litabadilishwa mwaka huohuo. Kaa na kalamu, binti yetu. Mapenzi yasiogope hesabu.

Swali la tatu: je, umemwambia tajiri wako wa sasa? Watu wengi huondoka wakiwa na uchungu juu ya jambo ambalo hawakulisema hata siku moja. Mtunza ghala wetu alinyamaza, nasi tukajifanya kutokujua. Omba kwa adabu, na utaje kiasi. Ukikataliwa umejua, ukikubaliwa umepata vyote viwili. Kusema si utovu wa shukrani.

Swali la nne: ni nani atakayebeba kile utakachokiacha? Wakulima wa mkoa wetu wanaijua butura, yaani kuuza kahawa ingali ua mtini kwa sababu shida imebisha hodi usiku. Fedha hupatikana leo, na wakati wa mavuno mwingine ndiye anayekuja na magunia. Kuna kuhama kazi kunakofanana na butura: mtu yu karibu kupata cheti, au cheo, au ustadi, anauza vyote kwa nyongeza ya miezi michache. Mkahawa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa. Ukiwa katika mwaka wa tatu, hesabu vizuri kabla hujaung'oa. Lakini tunasema pia: mwenye mgonjwa ndani hawezi kuambiwa asubiri mavuno, na asihukumiwe.

Akiishayajibu maswali hayo na akaamua kwenda, basi aondoke vyema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mtu anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, na inampa haki ya kupewa hati ya utumishi wake. Hicho ni kiwango cha sheria. Kiwango cha mzee wetu wa Kamachumu kilikuwa juu zaidi: maliza mizani tatu zilizobaki. Kabidhi funguo, kabidhi daftari, mfundishe anayekufuata, hasa yale ambayo hayakuandikwa popote. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huenda siku moja ukarudi kubisha mlango uleule.

Na kwenu wenzetu wenye maduka, mashamba, shule na viwanda, tunamalizia na nyinyi kwa sababu tunawajua kama tunavyojijua. Mfanyakazi akiipenda kazi yake, hiyo ni baraka aliyoileta yeye mwenyewe kutoka nyumbani kwao. Si sehemu ya mshahara tuliompa. Chanda chema huvikwa pete, wala hakiambiwi kwamba wema wake ndio pete. Diwali ijayo, kabla hatujaandika Shubh na Labh katika kitabu kipya, tufungue kwanza kile cha zamani, ukurasa wa mishahara, tutafute jina la yule ambaye hajawahi kutishia kuondoka.

Binti yetu muuguzi amekuja leo. Tulimwona akiingia na mama yake. Hatutamwita asimame, wala hatumwambii aende au abaki. Hatuna faida yoyote katika uamuzi wake, ila kwamba wajukuu wetu wawili walizaliwa mikononi mwake, na kwa sababu hiyo tungependa abaki. Tumelisema hilo wazi ili alitoe katika mizani. Yaliyobaki ni yake. Akiamua kwenda, bati la mama tutalipeleka kwa bei ya ghalani, naye atalilipa taratibu kutoka Dar es Salaam. Akiamua kubaki, bei ni ileile.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu, alidumishe hekalu letu, na audumishe ujirani wetu.